Afya ya Mfuko wa Chama

Majuma mawili yaliyopita alitujia msomaji wetu mmoja, mwenye duka la nafaka katika mji mdogo wa jimbo letu. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa taarifa ya fedha ya chama chao cha wafanyabiashara wa sokoni, ile itakayosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka. Alikuwa na swali moja tu: "Padre, chama chetu ni kizima au ni kigonjwa?"

Hatukuweza kumjibu papo hapo, maana karatasi yenyewe ilionyesha uzima mtupu. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, paliandikwa kwamba chama kimebakiwa na shilingi 900,000. Kwa sababu ya baki hilo kamati yapendekeza chama kikope milioni nne, kinunue hema na viti vya kukodisha katika arusi na misiba. Wengi wamekwisha kufurahi. Lakini ndugu yetu alikuwa na jambo lililomnyima usingizi: mlinzi wa usiku wa soko lao hajalipwa mshahara wa mwezi Desemba. "Kama tumebakiwa na fedha," aliuliza, "mbona mlinzi anakopa unga dukani kwangu?"

Swali hilo lapita kwa ubora maswali mengi tuliyoyasikia katika mikutano mikuu. Kwa ruhusa yake twaitumia karatasi hiyo kuwa somo la juma hili. Jina la mji tumelificha, na tarakimu tumezibadili kidogo, asije mtu akanyoshewa kidole. Hata hivyo twajua kwamba vyama vingi vya miji yetu vitajiona humu kama katika kioo.

Chama kina wanachama 60, na kati yao 12 waliingia mwezi Januari. Kila mmoja hupaswa kutoa ada ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na anayeingia hulipa kiingilio cha 50,000. Mwaka ulipoanza mfuko ulikuwa mtupu. Katika miezi 12 chama kilipokea ada 4,320,000, viingilio 600,000, na zawadi ya 1,500,000 kutoka kwa mheshimiwa mmoja aliyepita sokoni wakati wa kutafuta kura. Jumla ni 6,420,000. Kilichotoka ni hiki: mshahara wa mlinzi 2,750,000, kodi ya chumba cha ofisi 540,000, posho za vikao vya kamati 1,080,000, nauli za viongozi kwenda wilayani 420,000, rambirambi kwa misiba minne 600,000, karatasi, makato ya benki na vitu vidogo 130,000. Jumla ni 5,520,000. Toa hiyo katika ile ya kwanza, unapata 900,000. Hesabu ni sahihi. Mweka hazina hakukosea kujumlisha wala kutoa.

Basi kasoro iko wapi? Kasoro ni kwamba karatasi hii yasimulia habari za fedha zilizopita mkononi tu. Haisemi lolote juu ya fedha zilizopasa kutoka na hazikutoka. Mshahara wa mlinzi ni 250,000 kwa mwezi. Ukigawanya 2,750,000 utaona amelipwa miezi 11. Kodi ya chumba ni 60,000 kwa mwezi; nayo imelipwa miezi tisa, na mwenye nyumba anadai mitatu. Madeni hayo mawili ni 430,000. Hayakuandikwa popote, kana kwamba deni lisiloandikwa si deni. Ukiyaondoa, baki la 900,000 lawa 470,000. Asomaye taarifa ya fedha, kwanza na aulize: Je, kuna mtu anayetudai? Mwenye duka yeyote aijua kanuni hii katika duka lake mwenyewe. Hawezi kusema amepata faida wakati magunia aliyoyauza hajayalipia kwa mkulima. Lakini aingiapo katika chumba cha mkutano, mara nyingi huiacha akili hiyo mlangoni pamoja na viatu.

Twende mbele, maana jambo lililo kubwa zaidi bado. Fedha zilizoingia hazikuwa za namna moja. Ada ni fedha ya kila mwezi, na mwakani itakuja tena, kama wanachama wapo. Kiingilio hulipwa mara moja tu katika maisha ya mwanachama. Wale 12 waliokwisha kulipa hawatalipa tena, na mji wetu huo hauna maduka mapya 12 kila mwaka. Zawadi ya mheshimiwa nayo ilikuja na kura, nazo kura zimekwisha kupigwa. Kwa hiyo anayetaka kujua kama chama kitakuwa hai mwakani aziweke kando fedha hizo mbili, atazame ada peke yake. Ada zilizopokewa ni 4,320,000. Gharama halisi za mwaka, pamoja na yale madeni, ni 5,950,000. Pamepungua 1,630,000! Chama hiki, kilichoandikiwa baki kwa wino mwekundu, kila mwezi hula karibu shilingi 136,000 kuliko kinavyopata.

Wazee wetu wafugaji hawahitaji somo la uhasibu ili walielewe jambo hili. Mtu mwenye zizi la ng'ombe akiuza mmoja kila msimu ili kununua chakula na nguo, nyumba yake hung'aa na jirani humsifu. Maziwa hayatoshi kulisha watoto, lakini hakuna ajuaye, kwa sababu fedha za mnada hufunika upungufu. Siku zizi likiwa tupu watu hushangaa, ingawa kulikuwa kutupu tangu siku nyingi kwa yule aliyejua kuhesabu. Viingilio na zawadi ni ng'ombe wa mnadani. Si vibaya kuvipokea, la hasha. Vifae kwa jambo la mara moja, kama kununua meza ya ofisi, au kutengeneza mfereji wa maji machafu, au kuwekwa akiba. Kumlipia mlinzi kwa fedha hizo ni kumdanganya mlinzi.

Hapo ndugu yetu alikata tamaa, akasema, "Basi tumekwisha." Tukamwambia angoje, maana kalamu ilikuwa bado na kazi moja. Wanachama 60, kila mmoja 10,000, kwa miezi 12: jumla ni shilingi 7,200,000. Hizo ndizo ada zilizopasa kulipwa. Zilizolipwa ni 4,320,000, yaani sehemu sita katika kumi. Wanachama wenyewe wanadaiwa na chama chao shilingi 2,880,000! Kama wote wangalitimiza ahadi yao, chama kingalilipa kila gharama, mlinzi na kodi ndani yake, na kingalibakiwa na 1,250,000 bila zawadi ya mheshimiwa yeyote na bila kiingilio kimoja. Chama hiki hakina umaskini. Kina wadaiwa.

Nao wadaiwa ni nani? Tulidhani ni akina mama wauzao dagaa na nyanya chini ya miti, ambao mtaji wao huisha kwa mvua moja. Ndugu yetu alitikisa kichwa. Akina mama hao hulipa kila mwezi. Wengine huleta shilingi elfu mbili mbili kila Jumamosi mpaka zitimie. Wanaodaiwa miezi sita, minane, hata mwaka mzima, ni wenye maduka makubwa ya barabarani, na watatu kati yao ni wajumbe wa kamati. Wakiulizwa husema, "Mimi nipo, siendi popote." Kweli wapo. Lakini usiku mlinzi hulinda maduka yao kwa mshahara uliotolewa na muuza dagaa. Hatuna neno jingine la kuliita jambo hilo ila kinyume cha haki. Aliyeahidi ada mbele ya wenzake anadaiwa kama aliyekopa. Na anayefaidi ulinzi pasipo kuulipia ameuchukua kwa mwenzake aliye dhaifu kuliko yeye. Wakatoliki tuliojifunza amri ya saba tukiwa watoto hatuna ruhusa ya kudhani yahusu wezi wa kuku peke yao.

Tena karatasi inatueleza kitu juu ya posho. Kamati ina wajumbe tisa. Walikutana mara nane, na kila mmoja alipewa 15,000 kwa kikao. Kikao kimoja ni 135,000, na vikao viwili ni 270,000, kupita mshahara wa mlinzi wa mwezi mzima. Hatusemi kiongozi asirudishiwe nauli yake, wala hatutaki aache duka lake siku nzima bila shukrani. Twasema tu kwamba Desemba hiyohiyo mlinzi alipoambiwa hakuna fedha, kamati ilikaa kikao chake cha nane, na wajumbe walitia sahihi wakapokea. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya tano ya barua yake, ayataja mabaya ya matajiri waliozuia ujira wa wavunaji wao, naye asema kwamba kilio cha wavunaji hao kimefika masikioni mwa Bwana. Katekisimu ya Kanisa imeuhesabu uonevu wa mfanyakazi katika ujira wake kati ya dhambi zinazolilia mbinguni. Ni maneno mazito kwa chama kidogo cha soko, twajua. Lakini mlinzi huyo ana watoto wanne, na Januari ni mwezi wa kufungua shule.

Fedha zilizobaki ziko wapi? Hili nalo lazima liulizwe, tena bila haya. Katika zile 900,000, benki kuna 560,000. Nyingine, 340,000, zimo katika simu ya mweka hazina. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoenea nchini mwetu, kuanzia mwaka 2008, kazi ya kukusanya ada imekuwa nyepesi ajabu. Mama aliye gulioni hulipa bila kuacha meza yake, nasi twashukuru. Lakini namba inayopokea ni namba ya mtu. Humo mna fedha za mauzo yake, za karo ya mtoto wake, za shemeji aliyemtumia, na za chama, zote zimechanganyika kama maharage na mahindi katika chungu kimoja. Mwenye simu akinunua bidhaa asubuhi, ni nani ajuaye ametumia fedha ya nani? Yeye mwenyewe hajui! Na akifariki ghafula, Mungu apishe mbali, chama kitamwendea mjane kwa uso gani?

Hatumshitaki mweka hazina huyo. Twaambiwa ni mtu mwaminifu, na kwa sababu hiyohiyo yafaa alindwe. Mtakatifu Paulo alipochangisha fedha za kuwasaidia maskini wa Yerusalemu, hakuzibeba peke yake. Katika Barua ya Pili kwa Wakorinto, sura ya nane, aeleza kwamba walitumwa ndugu wengine waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwe na mtu wa kuwalaumu juu ya kipaji hicho kikubwa, maana aliangalia yaliyo mema mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Ikiwa Mtume Paulo aliona ni vema fedha zake zishuhudiwe na wengine, viongozi wetu wasione ni matusi wakiombwa namba ya simu iliyo ya chama, benki yenye sahihi zaidi ya moja, na stakabadhi kwa kila shilingi. Na atakayekagua vitabu asiwe mjumbe wa kamati, wala shemeji wa mweka hazina.

Kanisa limeyafundisha haya tangu zamani. Baba Mtakatifu Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa tarehe 15 Mei 1891, alivisifu vyama vya kusaidiana, vile vinavyowakumbuka wagonjwa, wajane na yatima. Na hakuishia katika kusifu. Alitaka viongozi wachaguliwe kwa busara na mfuko wa wote uendeshwe kwa uaminifu mkamilifu, ili aliye na shida asaidiwe kadiri ya shida yake. Katika nchi yetu, kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa Nyegezi, karibu na Mwanza, mwaka 1960, kilifundisha uhasibu bega kwa bega na masomo mengine, na mwaka 1998 mahali hapo pakawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Waanzilishi wake hawakuona kwamba daftari la hesabu ni jambo la kidunia lisilompasa Mkristo.

Nje ya Kanisa pia mifano ipo. Waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, walikuwa watu 28 tu walipofungua duka lao mwezi Desemba 1844, kwa mtaji wa paundi 28. Waliuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Walikuwa maskini, na majirani waliwacheka. Lakini walishika kanuni mbili ambazo vyama vyetu hupenda kuzisahau: hawakukopesha, hata mwanachama, na kila mara walisomewa hesabu zao zote wazi. Kutoka duka hilo ushirika ukaenea duniani.

Na tusiende mbali hivyo. Vyama vya ushirika vya Tanzania, vya pamba, kahawa na mazao mengine, vilikuwa na nguvu kubwa miaka ya kwanza ya uhuru. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu ya kuchunguza malalamiko juu yake. Kati ya kasoro zilizotajwa ilikuwamo hii, kwamba wanachama wenyewe hawakuwa na maarifa juu ya vyama vyao. Mkulima alipeleka pamba yake, akapokea alichopewa, akarudi nyumbani. Kilichokatwa na kwa nini, hakujua. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na iliwabidi wakulima kungoja sheria ya mwaka 1982 ili virudi. Zilikuwapo sababu nyingine, hata za siasa, nasi hatutazichambua leo. Lakini mwanachama asiyejua kuisoma karatasi ya chama chake hana silaha ya kukitetea.

Sasa turudi kwa lile hema na viti. Kamati yasema biashara hiyo italeta fedha, na huenda ni kweli. Misiba na arusi havikosekani. Ila mkopo huanza kudai kabla hema halijakodishwa. Chama ambacho kila mwezi kimepungukiwa 136,000 kitaongeza juu yake rejesho la benki, na rejesho halisikii habari ya mvua wala ya msimu mbaya. Tazameni tena: gharama za mwezi mmoja za chama hiki ni karibu 496,000, na fedha iliyo yake kweli, madeni yakiisha kutolewa, ni 470,000. Haitoshi hata mwezi mmoja! Maoni yetu ni kwamba chama kisikope mpaka ada zikusanywe walau sehemu tisa katika kumi kwa mwaka mzima, na iwepo akiba ya miezi mitatu. Wengine watatuona waoga. Hatukatai, fedha za akina mama wa dagaa zastahili mlinzi mwoga.

Kuna na wazo jingine ambalo ndugu yetu alilidokeza akiwa mlangoni, kwamba baadhi ya wajumbe wangependa chama kianze kuwakopesha wanachama kwa riba. Hapo tulimrudisha kitini. Kikundi kinachokusanya akiba na kukopesha kinaingia chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, nacho chapaswa kuandikishwa. Na tena, wale wasiolipa ada ya 10,000 watalipaje mkopo wa laki tano?

Aliuliza aseme nini katika mkutano, maana si mzoefu wa kusimama mbele ya watu na mwenyekiti ni mkubwa wake kwa umri. Tulimshauri aanze kwa kumshukuru mweka hazina kwa kuleta hesabu iliyoandikwa, kwa kuwa vyama vingine havina hata hiyo. Asimtaje mtu kwa jina. Aombe tu karatasi iongezwe mistari miwili: wanaotudai, na tunaowadai. Orodha ya wadaiwa isomwe na miezi yao, kuanzia kamati. Wasioweza kulipa yote mara moja wapewe nafasi ya kulipa kidogo kidogo, kama wafanyavyo wale mama. Aliyefiwa au kuunguliwa asamehewe kwa kura ya mkutano, si kwa ukimya. Posho zingoje mpaka mishahara imelipwa. Akiona sauti inamtetemeka, aisome karatasi yake. Hakuna aibu katika kusoma.

Mkutano umewekwa Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, katika darasa la shule ya msingi. Kuhusu mlinzi, tulimwambia asiungoje. Benki kuna 560,000, mshahara wa Desemba na kodi ya miezi mitatu ni 430,000, zitabaki 130,000. Sahihi zinazotakiwa ni mbili, na wenye kutia sahihi wote wawili husali katika parokia hiyohiyo. Alikunja karatasi yake, mara nne kama alivyoileta, akaenda kuwatafuta.